Kupasha Joto Chumba cha Uani kwa Gharama Nafuu

Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa Kintinku huwa wa baridi na upepo, na wanaoumia zaidi ni wanaolala vyumba vya uani. Chumba cha namna hiyo aghalabu hujengwa kwa tofali moja, bati juu, bila dari. Humo hulazwa babu au bibi, mwanafunzi, na pengine mzazi na kichanga chake. Yaani wasioweza kuhimili baridi ndio hupewa chumba chenye baridi kuliko vyote.

Njia iliyozoeleka ni kuingiza jiko la mkaa. Bei yake ni ndogo, nayo ndiyo njia isiyofaa kabisa. Mkaa unapoungua hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa, hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hata mwili ukakosa oksijeni ilhali mtu bado anapumua. Wengi husubiri moshi uishe ndipo waliingize jiko ndani, wakiamini hatari imekwisha. Moshi si kipimo. Makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kutoa hewa hiyo, bakuli la maji kando ya jiko haliizuii, na dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemewa. Kwa aliyelala, dalili za mwanzo humpita bila yeye kuamka.

Hita ya umeme haina sumu hiyo, lakini hesabu yake ifanywe kabla ya kwenda dukani. Hita ya wati 2,000 ikiwashwa saa nane hutumia uniti 16 kwa usiku mmoja. Kwa viwango vya TANESCO vilivyoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa daraja la D1 hupata uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Zinazozidi hapo ni shilingi 350. Kwa hita hiyo, uniti za bei nafuu huisha usiku wa tano. Isitoshe, huvuta karibu ampia 9, na waya mwembamba uliopitishwa dirishani kutoka nyumba kubwa hupata moto hadi kuyeyuka. Anayeihitaji kwa ajili ya mgonjwa amwite kwanza fundi umeme mwenye leseni akague waya, na aiwashe kwa muda mfupi kabla ya kulala.

Kwa kaya nyingi, fedha hiyo ingefaa zaidi ikitumika kwenye dari. Bati hupoa upesi mara jua linapozama, na joto lote la chumba huishia huko. Wazee waliojenga tembe walilielewa jambo hili vyema: udongo mzito wa kuta na paa hufyonza jua la mchana na kulirudisha polepole usiku. Hatumwambii mtu abomoe bati lake. Dari ya mbao laini hufanya kazi nzuri. Asiyeimudu ashone mikeka au mifuko ya salfeti na kuikaza chini ya kenchi, mradi koroboi isikaribie. Nafasi iliyo kati ya ukuta na bati izibwe kwa udongo, hasa upande wa mashariki unakotoka upepo wetu, na liachwe tundu la hewa upande wa pili.

Baada ya hapo ni rahisi zaidi kumpasha joto mtu kuliko chumba. Kuchemsha lita mbili za maji hutumia takribani uniti 0.2 tu. Maji hayo yakipunguzwa moto, yakatiwa kwenye mpira wa maji ya moto na kufungwa kwa kitambaa, huupasha moto kitanda kabla ya mtu kulala. Kwa kichanga na mzee asiyehisi vizuri miguuni, mpira uondolewe kwanza ndipo alazwe, asije akaungua.

Ukimkuta mtu amelegea, anatapika au analalamika kichwa katika chumba chenye jiko, fungua mlango, mtoe nje mara moja na umwahishe kituo cha afya. Mweleze mhudumu kwamba jiko lilikuwa likiwaka ndani. Dalili hizo hufanana na za malaria, na asipoambiwa huenda akaanza na kipimo cha malaria wakati mgonjwa anahitaji oksijeni.