Bia Isiyo Baridi Wala Moto

Katika baa zetu mhudumu huuliza mteja, "Baridi au moto?" Mjini Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, jioni moja ya vuli, swali hilo halikuwa na maana. Bia niliyomiminiwa ilikuwa na ubaridi wa chumba cha chini ya ardhi ilimohifadhiwa, nyuzi 12 hivi, na mhudumu aliipandisha kwa kuvuta mpini, mfano wa mtu avutaye maji ya bomba la kisima.

Wenyeji huiita bia halisi. Mimi ningeiita bia hai, maana hamira iliyomo pipani haijafa. Bia nyingi za viwandani huchujwa, huuawa vijidudu kwa joto, kisha hutiwa gesi. Hii huendelea kuchacha hata ikishafika baa, na pipa likifunguliwa lina siku chache tu kabla halijaharibika. Mgema wa Kilifi angalielewa upesi: tembo la asubuhi silo la jioni.

Nilianzia stesheni ya reli, katika Sheffield Tap, baa iliyofunguliwa mwaka 2009 ndani ya ukumbi wa zamani wa maakuli ya abiria wa daraja la kwanza. Pazuri mno, lakini sikukaa. Nilikuwa na hamu ya kufika Kelham Island, mtaa wa viwanda vya kale kandokando ya mto Don, iliko Fat Cat.

Walimu watanisamehe kwa kuzungumzia ulevi. Aliyeifungua baa hiyo mwaka 1981, Dave Wickett, alikuwa mhadhiri. Mwaka 1990 alianzisha kiwanda kidogo cha bia papo hapo uani, na mwaka 2004 bia yake, Pale Rider, ikatawazwa bingwa wa Uingereza.

Mhadhiri huyo hakuanza vita hivyo peke yake. Mwaka 1971 vijana wanne, kwa kuchoshwa na bia mfu ya makampuni makubwa, waliunda chama cha wanywaji, CAMRA. Hawakuwa na kiwanda wala mtaji. Walichokuwa nacho ni kalamu, na tangu mwaka 1974 kitabu chao cha mwongozo kimekuwa kikitaja baa zitunzazo bia vyema. Je, nani miongoni mwetu ameandika kitabu cha namna hiyo kuhusu mnazi au busaa? Wasomi wetu wameuachia polisi uwanja huo.

Hata hivyo ushindi wao haujakamilika. Wickett alifariki mwaka 2012. Mwaka 2022 kiwanda chake kilitangaza kufungwa, na Pale Rider ikanusuriwa na kampuni jirani ya Thornbridge.

Nilimalizia Kelham Island Tavern, iliyotuzwa kuwa baa bora ya taifa miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009. Mzee mmoja aliagiza bia nyeusi. Mhudumu akavuta mpini, akainua bilauri kwenye mwanga, akaonja, akatikisa kichwa. Pipa lilikuwa limefika mwisho. Akaimwaga bila kuulizwa, akakigeuza kibandiko cha mpini kikaelekea ukutani.