Kutoka Joto hadi Rangi: Uoneshaji wa Vipimo vya Kihisi cha Infraredi kwenye Gridi ya Taa za LED na Funzo Lake kwa Kigali

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi vipimo vya kihisi cha infraredi vinavyogeuzwa kuwa rangi kwenye gridi ya taa za LED kwa kutumia mikrokontrola. Hoja kuu ni kwamba rangi huonesha tofauti za joto mahali fulani, lakini peke yake si ushahidi wa homa. Kwa hiyo, uamuzi wa kununua au kutumia vifaa hivi hauna budi kuongozwa na usahihi wa kihisi badala ya mvuto wa picha.

1.0 Utangulizi

Mnamo Mei 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Rwanda ilizindua jijini Kigali, katika kituo cha matibabu cha Kanyinya, roboti tano zilizopatikana kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Roboti hizo zilipewa majina ya Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupima joto la watu bila kuwagusa. Kwa namna hiyo, upimaji wa joto kwa mbali ulitoka maabara ukaingia katika sera ya umma. Misingi yake inaweza kuelezwa kwa kutumia kifaa kidogo chenye sehemu tatu: kihisi, mikrokontrola na gridi ya taa.

2.0 Kihisi

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi. Mionzi ya infraredi, iliyogunduliwa na William Herschel mwaka 1800, haionekani kwa macho. Mwili wenye nyuzijoto 37 za Selsiasi huitoa kwa wingi zaidi katika urefu wa wimbi unaokaribia mikromita 9.3.

Kihisi cha AMG8833 cha Panasonic hupokea mionzi hiyo kwa pikseli 64 zilizopangwa katika safu 8 zenye pikseli 8 kila moja. Hupima kuanzia 0°C hadi 80°C na hutoa hadi picha 10 kwa sekunde. Hatua ndogo kabisa ya usomaji wake ni 0.25°C, ilhali usahihi wake ni ±2.5°C. Namba hizi mbili hazina maana moja: ya kwanza huonesha udogo wa badiliko linaloweza kusomwa, ya pili huonesha umbali unaoweza kuwapo kati ya kipimo na joto halisi.

3.0 Mikrokontrola na Rangi

Mikrokontrola husoma vipimo 64 kupitia basi ya I2C, hukibadili kila kipimo kuwa rangi, kisha huituma rangi hiyo kwenye taa iliyo mahali palepale katika gridi. Taa za aina ya WS2812B huhitaji biti 24 kila moja, yaani biti 8 za nyekundu, 8 za kijani na 8 za buluu. Taa 64 hivyo huhitaji baiti 192 tu, ilhali ATmega328P, chipu ya bodi ya Arduino Uno, ina baiti 2,048 za kumbukumbu ya muda. Data hiyo yote hutumwa kwa takribani milisekunde 2. Kikwazo kikubwa zaidi ni umeme: taa zote zikiwaka nyeupe kwa ukamilifu zinaweza kuhitaji karibu ampea 3.8, hivyo mwangaza hupunguzwa kwa programu.

Uamuzi mzito ni uchaguzi wa skeli ya rangi. Skeli inayojirekebisha hukipa buluu kipimo cha chini na nyekundu kipimo cha juu katika kila picha. Kwa hiyo hata chumba kitupu huonesha wekundu, na birika la chai ya moto humfanya mtu aliye kando yake aonekane baridi. Skeli isiyobadilika, kwa mfano ya 20°C hadi 36°C, huwezesha picha za nyakati mbalimbali kulinganishwa.

4.0 Mipaka

Mtu mwenye 36.5°C anaweza kusomwa popote kati ya 34°C na 39°C bila kihisi kukiuka viwango vya mtengenezaji. Zaidi ya hayo, uga wa kuona wa nyuzi 60 humaanisha kwamba, kwa umbali wa mita 1, kila pikseli hufunika takribani sentimita 14, karibu upana wa uso mzima. Joto la paji la uso, nywele na ukuta wa nyuma huchanganywa kuwa namba moja. Wekundu wa taa hauwezi kuurudisha usahihi uliokwisha kupotea kwenye kihisi.

5.0 Athari kwa Sera

Udhaifu huo huwa faida katika matumizi mengine. Pikseli 64 zinatosha kutambua kama chumba kina watu, ili kuwasha taa au feni, bila kuonesha sura ya mtu. Jambo hili lina uzito chini ya Sheria Na. 058/2021 ya Rwanda kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha. Aidha, kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi nchini humo tangu 2017, miongozo ya vifaa hivi inaweza kuandikwa kwa Kiswahili pia, ikitenganisha waziwazi dhana za hatua ya usomaji na usahihi.

6.0 Hitimisho

Makala yanapendekeza kwamba kila zabuni ya vifaa vya kupima joto itaje usahihi, umbali wa matumizi na skeli ya rangi. Pale ambapo kipimo kitaamua nani azuiwe mlangoni, usomaji wa kifaa uthibitishwe kwa kipimajoto cha kitabibu kabla ya hatua yoyote kuchukuliwa.