Mguu Unaouma, Moyo Ulio Hatarini

Unatembea, kigimbi kinabana kwa maumivu. Ukisimama dakika chache yanaisha. Ukiendelea na safari yanarudi. Wazee wengi husingizia umri au baridi yabisi, kumbe huenda ateri za miguu zimejaa utando wa mafuta na misuli haipati damu ya kutosha.

Hatari kubwa haiko mguuni. Utando huo haubagui viungo: hujijenga pia kwenye ateri za moyo na za shingo zinazopeleka damu kwenye ubongo. Ndiyo maana wagonjwa wengi hawapotezi mguu; kinachowaua ni mshtuko wa moyo au kiharusi. Na moyo uliodhoofika husukuma damu kidogo, hivyo mguu wenye njaa ya damu huzidi kuteseka na vidonda vyake huchelewa kupona.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2001, Alan Hirsch wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu 6,979 katika kliniki za kawaida Marekani: wenye miaka 70 na zaidi, au 50 hadi 69 wenye historia ya sigara au kisukari. Asilimia 29 walikutwa na ugonjwa huu wa ateri za miguu, na zaidi ya nusu yao walikuwa pia na maradhi mengine ya moyo na mishipa. Kati ya waliokwisha kugunduliwa zamani, takriban nusu ya madaktari wao hawakuwa na habari.

Kipimo ni chepesi, hakina sindano: shinikizo la damu la kifundo cha mguu hulinganishwa na la mkono. Uwiano ukishuka chini ya 0.9, mishipa imeziba kiasi.

Tiba hulenga moyo na miguu kwa pamoja: kuacha sigara, kudhibiti shinikizo, sukari na lehemu, kutumia dawa alizoandika daktari. Kutembea nako ni dawa: tembea mpaka maumivu yazidi, pumzika, anza tena. Tangu 2017 bima ya Medicare ya Marekani hulipia hadi vipindi 36 vya mazoezi hayo chini ya uangalizi, kwa wiki 12. Baridi ya nje isiwe kisingizio. Tembea ndani ya maduka makubwa.

Ndugu msomaji, mguu ukikuuma kila utembeapo, mwambie daktari, na umwombe aupime moyo wako pia.