Rilei ya Kuchelewesha Umeme Katika Motokaa

Injini ya motokaa inapowashwa, stata huvuta mkondo mkubwa wa umeme, mara nyingi zaidi ya ampea 100. Kwa muda huo mfupi betri ya volti 12 huweza kushuka hadi volti 9 au chini yake. Taa hufifia, na chombo kama redio ya mawasiliano katika gari la wagonjwa huweza kuzimika wakati kinapohitajiwa. Njia mojawapo ya kukikinga ni kukinyima umeme mpaka injini itulie. Hiyo ndiyo kazi ya rilei ya kuchelewesha.

Rilei ni swichi iendeshwayo na sumaku. Mkondo mdogo, yapata ampea 0.15, hupita katika koili ya waya. Koili hugeuka sumaku, ikavuta kipande cha chuma, nacho kikaunganisha njia ya mkondo mkubwa, tuseme ampea 20.

Je, ucheleweshaji watoka wapi? Watoka katika kapasita, ambayo hujazwa umeme kupitia rezista, kama vile mtungi ujazwavyo maji kwa mrija mwembamba. Mrija ukiwa mwembamba zaidi, au mtungi mkubwa zaidi, kujaa huchukua muda mrefu. Ukizidisha omu kwa faradi utapata sekunde: omu 100,000 kwa faradi 0.0001, yaani mikrofaradi 100, ni sekunde 10. Katika muda huo kapasita hufikia asilimia 63 ya volti za betri, yaani volti 7.6 hivi.

Mwanafunzi huenda akauliza: kwa nini kapasita isiendeshe koili moja kwa moja? Sababu ni kwamba rezista ya omu 100,000 hupitisha mkondo hafifu mno kwa koili yenye omu 80 hivi. Kwa hiyo transista huwekwa kati yake. Volti za kapasita zifikapo kiwango kilichopangwa, transista hufunguka kwa mkondo huo hafifu na kuruhusu mkondo wa kutosha kupita katika koili. Daiodi nayo huungwa sambamba na koili, ili kuikinga transista na volti kali zizukazo koili inapokatiwa umeme.

Fundi azingatie mambo matatu. Kwanza, fyuzi iwekwe karibu na betri. Pili, kapasita ipewe njia ya kumwaga umeme wake motokaa inapozimwa; la sivyo, safari ifuatayo rilei haitachelewa ipasavyo. Tatu, taa za breki zisicheleweshwe kamwe, kwani hapo sekunde moja ni uhai wa mtu.

Walimu waweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa betri ya volti 9, rezista na kapasita zilizotajwa, saa, na voltimita ya tarakimu. Kapasita iungwe kwa kufuata alama zake za chanya na hasi. Baada ya sekunde 10 voltimita itaonyesha karibu volti 5.7. Tofauti ndogo isiwashangaze: kapasita za aina hii huweza kupungua au kuzidi kipimo kilichoandikwa kwa asilimia 20.