Shahada ya Kiingereza na Mwanafunzi wa Zombe

Kozi za Kiingereza katika vyuo vikuu vya Kenya zilichukua sura yake ya sasa kutokana na waraka wa tarehe 24 Oktoba 1968, ambamo Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe mahali pake. Shakespeare hakufukuzwa, kama wengi wanavyodhani. Alihamishwa tu kutoka katikati hadi pembeni, ili asomwe kwa macho ya Mwafrika. Tangu hapo fasihi, yaani sanaa ya lugha iwe ya kusemwa au ya kuandikwa, ilipata idara yake, huku isimu, ambayo ni uchunguzi wa mfumo wa lugha yenyewe, ikifundishwa kando.

Sehemu ya waraka huo iliyozaa matunda zaidi ilihusu fasihi simulizi. Kwa mwanafunzi aliyekulia Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, utafiti wa nyanjani humrudisha kwa wazee wa kwao akiwa na kinasa sauti. Ngano ikishasimuliwa, huinakili kwa Kikamba, lugha yenye irabu saba, hivyo herufi ĩ na ũ zisipotiwa alama zake, msomaji hatajua ni neno lipi lililosemwa. Kisha huitafsiri kwa Kiingereza, akieleza pia mahali hadhira ilipoitikia na mahali msimulizi aliposhusha sauti, mambo ambayo karatasi haiwezi kuyahifadhi peke yake. Kazi ya aina hii ina mfano mzuri wa papo hapo Kitui, kwani John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931, alichapisha mkusanyiko wa hadithi za Wakamba mwaka 1966, miaka miwili kabla ya waraka wa Nairobi.

Mbiti huyo huyo alilitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki, na tafsiri hiyo ikatolewa mwaka 2014. Ni safari ndefu tangu Johann Ludwig Krapf alipochapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850, akiwa mgeni anayeichungulia lugha kutoka nje. Hata hivyo, uwanja wenye mahitaji makubwa leo ni ukalimani, yaani kufasiri maneno papo hapo yanaposemwa. Ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo, na mzee asiyejua Kiingereza wala Kiswahili anaposimama kizimbani, uhuru wake unaweza kutegemea namna kitenzi kimoja kilivyofasiriwa.

Kuhusu mafunzo kazini, yaani kipindi ambacho mwanafunzi hujifunza akiwa katika kazi yenyewe, njia iliyozoeleka ni mazoezi ya kufundisha kwa wanaosomea ualimu. Njia hiyo ina mantiki, kwa kuwa somo la Kiingereza katika shule za upili hujumuisha lugha na fasihi, na karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE hutaka insha pamoja na uchambuzi wa vitabu teule, kwa hiyo mwalimu asiyeiva katika upande mmoja huumbuka mbele ya wanafunzi wake. Lakini kumwandaa mtu mwenye Kikamba, Kiswahili na Kiingereza kwa ajili ya ubao peke yake ni kuitupa nusu ya elimu yake. Idara za Kiingereza na fasihi, hasa katika vyuo vilivyo Ukambani kama Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, zinapaswa kuukubali muhula unaotumika katika mahakama, hospitali au redio inayotangaza kwa Kikamba kuwa mafunzo kazini kamili, na kuutahini kwa uzito ule ule wa muhula wa darasani.