MBELE YA KULIPA NYUMBA, HESABU USINGIZI



Ukurasa huu umezoea kukuambia habari za kofia, za buti na za mukanda wa usalama. Leo tunatoka kazini, tunakuja mupaka mulangoni kwako. Tunataka kusema juu ya nyumba: iko wapi, na unatumia wakati gani kutoka pale mupaka kazini. Utasema: "Hilo ni jambo langu na bibi yangu, watu wa usalama wanaingilia nini?" Ngoja kidogo, utaona.

Babu zetu hawakuchagua. Moto wa kuyeyusha shaba uliwashwa Lubumbashi mwaka 1911, na mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kutaka mufanyakazi akae pamoja na bibi na watoto. Ikajenga makambi karibu na kazi. Mutu alisikia king'ora, akaenda kwa miguu, akarudi kwa miguu. Posho, masomo, dispanseri, vyote vilikuwa karibu. Hata moshi ulikuwa karibu. Leo wengi wetu tunajitafutia nyumba wenyewe mujini, au tunanunua lupango na kujenga polepole. Kuchagua kumekuwa kazi yetu, na mara nyingi tunachagua kwa kuangalia bei peke yake.

Sasa chukua kalamu. Siku iko na saa 24. Ukifanya posti ya saa 12, zinabaki 12. Tuseme unakaa mbali, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi: hizo ni saa 3. Kungoja basi na kubadili nguo, saa 1. Zinabaki 8. Kuoga, kula bukari, kusikiliza habari ya mutoto aliyerudishwa kutoka masomoni juu ya minervali, saa 2. Usingizi umebakia na saa 6, na hiyo ni siku ambayo basi halikuharibika wala lori halikulala katikati ya njia. Mutu mukubwa anahitaji saa 7 au zaidi. Ukikopa saa 1 kila siku kwa siku 6, mwisho wa juma umekwisha kupoteza usiku muzima.

Wataalamu wawili wa Australia walipima jambo hili mwaka 1997. Waliona kwamba mutu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mikono na macho yake vinafanya kazi kama vya mutu mwenye pombe 0,05% katika damu. Hakuna mukubwa wa kazi atakayekuacha upande lori la kariere ukiwa umekunywa. Lakini usingizi haunuki mudomoni, na pale mulangoni hakuna anayeupima.

Mimi mwenyewe nilikosea. Nilipata nyumba ya vyumba vinne, yenye kiwanja kikubwa, kwa bei ndogo. Bibi yangu aliuliza mara moja tu: "Basi linapita wapi?" Nilimujibu kwamba nitazoea. Kwa miezi saba watoto wangu waliniona nikilala. Asubuhi niliondoka wakiwa wamelala, jioni nilirudi nikala macho yakifunga. Halafu siku moja, mwisho wa posti, nilikuwa ninashuka ngazi ya mashine niliyoishuka mara elfu. Nilifikiri nimefika chini, kumbe kilibaki kipandio kimoja. Kifundo cha muguu kilivunjika. Katika ripoti waliandika kwamba nilikosa uangalifu. Ni kweli, lakini uangalifu wenyewe niliuacha njiani, kidogo kidogo, kila siku saa 3.

Kwa hiyo, mbele ya kutoa garanti, safiri njia hiyo. Usiisafiri siku ya Mungu, wakati barabara ni tupu na komisioneri anakuendesha huku akisema "dakika kumi na tano tu". Toka siku ya kazi, wakati ule ule wa posti yako, na kwa chombo kile kile utakachotumia: basi, manseba au kinga. Angalia kama njia inaungana na barabara ya malori ya madini. Angalia kama mahali pa kungojea basi pana taa, kwa sababu posti ya usiku inakurudisha au kukupeleka gizani. Kama unatumia kinga, hesabu vilima. Mutu aliyechoka hapandi kilima kama aliyetoka kulala.

Na nyumba nayo uione zaidi ya mara moja. Makomisioneri wanapenda mwezi wa nane: udongo umekauka, kila lupango ni nzuri. Kwetu mvua zinaanza karibu na mwezi wa kumi au wa kumi na moja, zinaendelea mupaka mwezi wa nne. Kama huwezi kungoja mvua, angalia kuta: musitari wa udongo mwekundu unakuonyesha maji yalifika wapi. Tafuta mashimo ya watu waliofyatua matofali. Mvua ikinyesha yanakuwa visima vya mbu, na malaria ya mutoto ni usiku mwingine usiolala. Kisima kikae mbali na choo, metre 30 kama inawezekana, na kiwe upande wa juu. Choo cha jirani nacho kinahesabiwa, kwa sababu maji ya chini hayajui ukuta.

Upepo je? Wengi hawaufikirii. Wakati wa jua kali na vumbi, kwetu Katanga upepo unatoka hasa mashariki-kusini. Basi mahali pabaya pa kukaa ni upande wa magharibi-kaskazini wa moshi, wa kilima cha mabaki ya madini, au wa barabara ya udongo ya malori. Lubumbashi tuko na ushuhuda mukubwa: Penga Penga, upande ule ule wa kiwanda cha kuyeyusha shaba. Kwa miaka mingi moshi uliangukia pale, miti ikafa, na udongo ukajaa shaba na madini mengine. Mukubwa anatembea juu ya udongo wa namna hiyo na buti. Mutoto anaucheza, kisha anatia mikono mudomoni.

Huko Kolwezi jambo limekuwa chini ya nyumba zenyewe. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana katika mutaa wa Kasulo, na watu wakaanza kuchimba ndani ya malupango, mashimo yakapita chini ya vyumba vya jirani. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima damu na mukojo wa watu wa pale: kobalti ilikuwa nyingi kuliko kwa watu wa mutaa mwingine wasioishi juu ya machimbo, na kwa watoto ilizidi. Ukiona mifuko ya madini imepangwa uani kwa jirani, au turubai imefunika shimo, toa shukrani kwa komisioneri na uende. Bei ndogo ya nyumba ile imekwisha kuelezwa. Na wewe mwenyewe usilete vumbi nyumbani: nguo za kazi zibaki kazini kama kuna mahali pa kuziosha, na kama hakuna, zioshwe peke yake, mbali na nguo za mutoto.

Sasa neno kwa Mama, kwa sababu wewe ndiwe unayekaa mutaani muchana kutwa. Nenda bila bwana. Keti na mama anayeuza makala au mboga njiani, nunua kitu, kisha uliza: Bomba linatoa maji siku ngapi? Dispanseri iko mbali gani kwa miguu, ukiwa na mutoto mugongoni usiku? Watoto wanavuka barabara kubwa kwenda masomoni? (Kama masomo iko ng'ambo ya barabara ya malori, tafuta nyumba ng'ambo ile.) Uliza pia juu ya kelele. Nyumba iliyo kando ya nganda, au ya kanisa lenye vipaza-sauti, ni nzuri kwa nani? Kwa bwana wa posti ya usiku, anayelala muchana, siyo nzuri hata kidogo. Atakuwa amekaa karibu na kazi, lakini usingizi wake uko mbali.

Sisi tulihama. Sasa tuko na vyumba viwili, bei imepanda kidogo, na watoto watatu wanalala sebuleni. Mama mukwe alipokuja kututembelea alicheka, akauliza kama tumepunguzwa kazi. Lakini ninafika nyumbani wakati mudogo wetu yuko macho, na huwa anakuja kunipokea kofia mulangoni.

Juma lijalo, kama komisioneri anakungojea, muambie aje asubuhi ya siku ya kazi. Akikataa, mutafute mwingine.