Shimo la Mungu Lisimuliwe na Wenyeji

Mgeni apandaye Newala kutoka Masasi hupelekwa Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, atazame bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Hupendezwa, kisha huondoka. Twaona yafaa viwekwe hapo vibao vya maelezo, na cha kwanza kihusu maji. Mvua ya huku huzama mchangani. Kabla ya pampu za Mitema, kina mama walishuka magenge kuchota, wakapanda na mitungi kichwani. Basi pawekwe mtungi uliojaa, mgeni ajaribu kuuinua! Maneno waulizwe mabibi waliochota, si karani wa mjini. Wala vibao visiwe vya mpingo: mti huo hukua polepole mno, na wachongaji wetu wauhitaji.